Ulikuwa mkali wa Eddy Gordo? Jinsi ya kujifunza gemu za kupigana upya, safari hii kwa akili

Kama umekua na PlayStation ya kwanza basi unamjua Eddy Gordo, na kama unamjua Eddy Gordo ushajua ninapoelekea. Tekken 3, ile gemu ya kupigana ya Eddy, ilipoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 ilikuwa na vitufe vinne tu vya kupigia, kila kitufe na kiungo chake, ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, teke la kushoto, teke la kulia, mfumo mwepesi kabisa, na sisi tukaurahisisha zaidi. Unachagua Eddy, dole gumba linakaa katikati ya X na duara, unasugua. Basi. Jamaa anazunguka chini kama pia, miguu juu kichwa chini, mwenzio anakufa huku anapiga kelele kwamba huo ni wizi. Anayefungwa anatoka, anayefuata anakaa, na mgeni siku zote ndo anapewa ile padi ya pili yenye kitufe kinachokwama, akifungwa anasingizia padi, na mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Mi nilikuwa mkali. Nilifungua wale wapiganaji waliofichwa, Mokujin, nikafungua Heihachi, nikafungua Ogre zote mbili, mpaka siku mtu akasevu gemu ya mpira juu ya faili langu kwenye memori kadi, lile jambo sijasamehe mpaka leo. Sasa miaka imepita huko, nikapata Street Fighter 6 (ya 2023 hiyo), nikaingia onlaini na karakta wangu Ken nikijua kabisa nipo nyumbani. Nikakutana na mtu anayecheza Ryu. Yule jamaa alikuwa na vitu vitatu tu, nasema vitatu: teke la chini, kunikamata na kunitupa, na Shoryuken, ile ngumi ya kupaa juu, kila nikiruka. Nikaenda kuangalia marudio ya mechi nikahesabu, niliruka mara tisa, mara saba nilipigwa nikiwa hewani. Mara saba! Yaani mtu ananidungua kama ndege na mi narudi tena hewani. Hapo ndo nikaelewa kwamba utotoni sikuwahi kujifunza kupigana, nilijifunza kusugua padi haraka kuliko wale watu wanne waliokuwa mle chumbani.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa mtu kama mi. Unazijua gemu, unazipenda, vidole vinakumbuka, ila ukikutana na mtu anayejua unageuzwa gunia la mazoezi. Na nianze na lile gumu kuliko yote, ambalo hata halihusu vidole: mikono itulie. Asilimia kubwa ya vipigo unavyokula umejipa mwenyewe kwa kubonyeza kitu wakati hukutakiwa kubonyeza chochote.

Kabla ya hapo chagua gemu moja na karakta mmoja, afu kaa nao. Usiniambie unataka kujifunza watano. Kwenye Street Fighter mi nasema Ryu, najua anaboa, ila ndo mwalimu, ana mpira wa moto wa kumzuia mtu mbali, ana Shoryuken ya kumdungua anayeruka, ana teke zuri la chini, hana ujanja mwingine wa kujifichia kwa hiyo utalazimika kujifunza. Kwenye Tekken chukua Paul au Law. Gemu mpya zina faida moja kubwa, chumba cha mazoezi kinakuonyesha kila kitu, fremu (vile vipande vya picha vinavyopima muda wa pigo), umbali, hata kumrekodi mdoli, yule mpinzani wa mazoezi, afanye unachotaka, wakati zamani ulikuwa unabahatisha tu na kubishana. Halafu Street Fighter 6 ina mfumo wa vitufe unaoitwa Modern, spesho, yale mapigo maalumu ya karakta, zinatoka kwa kitufe kimoja, na watu wanawacheka wanaoutumia. Waache wacheke. Ukitoa spesho kwa njia hiyo ya mkato inapunguzwa nguvu kwa asilimia 20, hiyo ndo bei yake, zaidi ya hapo ni mapigano yale yale. Mi natumia mfumo wa zamani kwa sababu ya ushamba wangu tu, napenda kuzungusha dole.

Kama na we unataka kuzungusha, mpira wa moto ni chini, chini-mbele, mbele, afu ngumi. Shoryuken ni mbele, chini, chini-mbele, afu ngumi. Na kosa ni moja karibu kwa kila mtu, mkono wa kulia una haraka kuliko wa kushoto, ngumi inabonyezwa kabla dole halijafika mbele, ndo maana inatoka ngumi kavu unabaki unashangaa. Washa maandishi ya vitufe kwenye chumba cha mazoezi, yatakuonyesha pembeni ya skrini ulichobonyeza kwa mpangilio, utaona mwenyewe ngumi imeingia kwenye chini-mbele badala ya mbele. Fanya taratibu mpaka uone ziko sawa kumi mfululizo, ukikosea ya tisa unaanza moja. Afu hamia upande wa pili wa skrini ufanye kumi zingine, huko ndo utalia, kila mtu ana upande mmoja mbovu.

Haya turudi kwenye mikono kutulia. Zoezi la kwanza nililojipa baada ya yule Ryu lilikuwa hili: mechi nzima bila kushambulia. Natembea mbele, narudi nyuma, nakinga. Nilifungwa bila shaka, ila kwa mara ya kwanza nilimwona mpinzani. Utotoni tulikuwa tunaangalia karakta wetu, unamwangalia Eddy wako anavyozunguka, raha. Macho yanatakiwa yawe kwa mwenzio, au kwenye nafasi iliyo kati yenu. Ukiangalia nafasi hiyo dakika tano utaanza kugundua tabia, huyu akikaribia lazima apige teke, huyu akiamka kutoka chini lazima abonyeze kitu, huyu akikosa la kufanya anaruka (huyo ni mimi).

Kukinga nako kuna utaratibu wake na hapa watu wanaotoka gemu moja kwenda nyingine wanachanganyikiwa sana. Kwenye Street Fighter unashika nyuma ili ukinge, na mapigo ya chini yanakingwa kwa kuchuchumaa, ya mtu anayeshuka kutoka hewani yanakingwa kwa kusimama. Kwa hiyo kawaida yako ni kuchuchumaa huku umeshika nyuma, ukiona karuka unasimama. Kwenye Tekken ni kinyume, kawaida yako ni kusimama, kwa sababu mapigo ya kati yanampata aliyechuchumaa na hayo ndo yana maumivu, ya chini mengi ama yapo taratibu ama hayana nguvu sana. Mi nilihamisha tabia ya Street Fighter kwenda Tekken nikawa naliwa na kila pigo la kati lililotungwa duniani. Mortal Kombat wao tangu ile ya kwanza ya 1992 wana kitufe maalumu cha kukingia, hiyo ni dunia nyingine.

Sasa umbali. Hiki ndo kitu chenyewe, na hakuna aliyetufundisha. Chukua Ryu, chuchumaa, piga teke la nguvu ya kati. Angalia kidole cha mguu kinafika wapi. Ingia chumba cha mazoezi, mrekodi mdoli awe Ryu na yeye, awe anapiga hilo teke kila baada ya muda kidogo, afu we simama pale ambapo linakufikia kwa shida. Rudi nusu hatua. Sasa teke linapita mbele yako, amepiga hewa, na mguu wake upo nje umenyooka, na kwenye hizi gemu mguu ulionyooka unapigika kama mwili mwingine wowote. Kabla hajaurudisha, piga teke lako. Lile sauti lake likiingia, dah. Fanya hivyo dakika kumi na utaanza kuelewa kwa nini wale wazuri wanaonekana kama wanacheza dansi, mbele nyuma mbele nyuma bila kupiga, kumbe kila mmoja anamvuta mwenzie apige hewa. Mi nilikuwa nadhani wanaogopana.

Zoezi hilo kwenye mechi halisi halifanyi kazi mara moja, nakwambia ukweli. Mdoli anapiga kwa saa, mtu hapigi kwa saa. Ila utaanza kukaa sehemu sahihi bila kufikiria, na kukaa sehemu sahihi peke yake kunamfanya mpinzani akosee mengi.

Kuhusu fremu, usiogope, siyo hesabu ngumu. Gemu hizi zinaenda fremu 60 kwa sekunde. Macho ya mtu wa kawaida yanaona kitu, ubongo unaelewa, kidole kinabonyeza, hapo umetumia kama robo sekunde, ambazo ni fremu 15 hivi, na ukiwa unafikiria mambo mengine ni zaidi. Jabu, ile ngumi fupi ya haraka, kwenye Street Fighter 6 inatoka kwa fremu 4. Jabu za Tekken kwa makarakta wengi fremu 10. Maana yake hakuna binadamu anayeiona jabu akaikinga, haipo hiyo, unaikinga kwa sababu ulikuwa ushashika nyuma tayari. Ila kuruka kwenye Street Fighter 6 kunachukua kama fremu 45 toka anaondoka mpaka anatua, na ile Drive Impact, lile pigo la rangi linalokuja kama lori, fremu 26. Hivyo viwili unaviona. Kwa hiyo akili yako isihangaike na kila kitu, mapigo ya haraka yaachie ukingaji wako, macho yako yasubiri vile vya taratibu tu. Nilivyoelewa hili nilipumua, maana nilikuwa najilaumu nimezeeka kumbe nilikuwa najaribu kuona visivyoonekana.

Na hata ile mechi maarufu ya 2004 pale kwenye mashindano ya Evo, Daigo Umehara na Ken wake ana laifu ya kukwaruza tu, Justin Wong na Chun-Li wake akaachia ile supa (pigo kubwa kuliko yote la karakta) ya mateke mfululizo kwenye Street Fighter III: 3rd Strike, na Daigo akayapangua yote 15 moja baada ya jingine afu akammaliza, watu wanaisimulia kama ni wepesi wa macho. Kwenye gemu ile kupangua ni kugonga mbele kwa wakati wake hasa, na lile teke la kwanza ukingoja ulione umeshachelewa. Alikuwa anaisubiri. Alijua mwenzie ana supa, alijua kwa laifu ile hata akikinga anakufa, alijua Justin na yeye analijua hilo. (Na ubingwa wa siku ile hakuuchukua, alikuwa wa pili, hilo huwa linasahaulika.)

Kumdungua anayeruka ndo ustadi utakaokupa ushindi wa haraka kuliko wowote kwa sababu huku chini tunakoanzia kila mtu anaruka. Mrekodi mdoli anaruka mbele na kupiga teke, mrekodi tena anatembea mbele kidogo, mrekodi tena anarusha mpira wa moto, afu mwambie achague mwenyewe bila mpangilio. We unatakiwa umdungue akiruka tu, akifanya kingine ukinge. Ukimrekodi kuruka peke yake unajidanganya, maana unajua kinachokuja. Kama Shoryuken bado inakugomea tumia ngumi kali ya kuchuchumaa, ile ya kupandisha juu, kitufe kimoja tu na inafanya kazi. Ya kitufe kimoja inayotoka kila mara ni bora kuliko ya kifalme inayotoka mara moja kati ya tatu.

Kukamata sasa. Zamani sisi tulikuwa na sheria chumbani, kukamata ni uoga, ukimkamata mtu mara mbili padi inazimwa. Sheria ile ilituharibu. Mapigano yote haya yamesimama kwenye mafiga matatu: pigo linamshinda anayekuja kukamata, kukamata kunamshinda anayekinga, kukinga kunamshinda anayepiga. Ukitoa figa moja chungu kinaanguka, mtu anakaa amekinga tu na hakuna wa kumfanya chochote. Kwa hiyo kamata bila aibu. Mpige jabu mbili akinge, akishazoea kuchuchumaa pale anasubiri ya tatu, tembea hatua moja, mshike. Akianza kuogopa kushikwa atabonyeza kitu au ataruka, na hapo sasa anakupa nafasi za bure. Na ukikamatwa we, kwenye Street Fighter unajinasua kwa kubonyeza na we kukamata wakati ule ule, kwenye Tekken mikamato mingi inapita juu yako ukichuchumaa.

Halafu kuna swali ambalo inabidi ujiulize kila ukikinga kitu: sasa zamu ya nani? Mtu akikupiga Shoryuken ukaikinga, yule yupo juu huko anashuka taratibu kama mtu aliyesahau funguo ndani, una muda wa kumpiga kitu kizito kuliko vyote ulivyonavyo, na wanaoanza wengi wanampiga jabu moja au wanaendelea kukinga kwa woga. Kwenye Tekken hesabu ni rahisi zaidi, chumba cha mazoezi kinakuambia pigo fulani ukilikinga mpinzani anabaki nyuma fremu ngapi, ikifika 10 au zaidi na upo karibu, jabu yako inaingia, hawezi kufanya kitu. Usikariri zote. Kila ukifungwa na pigo moja linalokukera ingia mazoezini, mrekodi mdoli alipige, kinga, jaribu kujibu. Pigo moja kwa siku. Nilifanya hivyo kwa yale mateke ya Eddy (alirudi kwenye Tekken 8 mwaka 2024, nilifurahi kama mtoto) na nikagundua ukikinga chini baadhi ya yale mafagio unampata kabisa kabla hajajikusanya. Miaka yote ile.

Kombo, yale mapigo yanayounganishwa mfululizo, nimeziweka mwishoni makusudi. Najua ndo kitu cha kwanza unataka, video zote ni kombo. Ila kombo mwanzoni hazikuwa hata kwenye mpango, wakati kampuni ya Capcom wanatengeneza Street Fighter II ya 1991 iligundulika kwamba ukibonyeza kwa wakati fulani unaunganisha pigo moja na jingine, wakaliacha wakidhani ni gumu mno watu hawataliweza. Kwa hiyo watu walipigana bila mpango wa kombo na gemu ilikuwa nzuri. Chukua moja ya mapigo mawili, teke la chini, likigusa tu unaunganisha mpira wa moto, hiyo peke yake itakutosha wiki kadhaa. Ndefu ya mapigo kumi na mbili inayotoka kwa mdoli na kukatika kwenye mechi haina faida, na ikikatika katikati unapigwa we.

Ratiba yangu ni dakika 15 mazoezini, afu mechi, na kila siku nachagua jambo moja tu la kuangalia. Leo nadungua. Nikifungwa mechi sita ila nimedungua watu wanne hiyo siku nzuri. Cheza kwa waya, siyo waifai, gemu mpya zina mfumo wa kurudisha nyuma fremu na kusahihisha ndo maana onlaini imekuwa ya kuchezeka, ila waifai ikiyumba unaona watu wanaruka kama majini. Angalia marudio ya mechi ulizofungwa, siyo zote, moja inatosha, tafuta kosa ulilolirudia zaidi ya mara tatu. Na ukigundua kidole kinabonyeza "cheza tena" kabla hata laifu yako haijaisha vizuri, zima, una hasira, hutajifunza kitu.

Juzi juzi binamu yangu kanitembelea, yule yule niliyekuwa namsugulia Eddy utotoni, nikawasha Tekken 8. Akaenda moja kwa moja kwa Eddy, eti kisasi. Raundi ya kwanza kasugua, nikakinga, nikajibu. Ya pili vile vile. Mechi ya pili mpaka nikaanza kumfundisha kwa mdomo huku nampiga, kosa hilo. Mechi ya tatu akaacha kusugua. Akasimama tu pale mbali kidogo, kakaa amekinga, ananiangalia. Nikamsubiri, na yeye akanisubiri, nikashindwa kuvumilia nikatupa teke, nikapiga hewa, akanizoa na fagio moja mpaka ukutani. Nikamwambia hii padi kitufe chake kinakwama.